Saruji Hailiwi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha huenda Bungeni kule Nairobi kuwasomea Wakenya bajeti. Watu hukaa karibu na redio na televisheni wakingoja kusikia kama unga umepanda au umeshuka. Kwa hivyo wengi wetu hudhani bajeti ni jambo la wakubwa, jambo la mabilioni. La hasha! Bajeti yaweza kuwa ya shilingi 13,400 peke yake, iandikwe kwenye daftari la kurasa 48, na bado izue mjadala mkali kushinda ule wa waheshimiwa. Nasema hivi kwa sababu daftari lenyewe lilikuwa mkononi mwangu. Msomaji mpenzi, nitegee sikio nikusimulie jinsi jamii yetu ilivyopanga pesa za kutengeneza bustani, na kwa nini tulianza na kitu ambacho hakiliwi.

Sisi tunaishi Langas, hapa Eldoret, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Nyumba ni ya mbao, na aliyeijenga ni baba mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa kujenga nyumba za mawe, na sifa zake zilijulikana toka Langas hadi Kapsoya. Mwaka wa 2021 alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, orofa ya pili, akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haina nguvu, naye hutumia kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Mama, ambaye awali alikuwa akiuza mboga ili kuongezea tu pesa za baba, akawa ndiye nguzo ya nyumba. Hununua sukuma wiki, managu na kunde kwa jumla alfajiri, kisha huziuza rejareja kwenye kibanda kando ya barabara.

Nyuma ya jikoni tulikuwa na kipande cha ardhi kilichobaki. Kilikuwa na migomba mitatu, majani ya ng'ombe yaliyojiotea yenyewe, na mistari michache ya sukuma ambayo mama alikuwa akiipalilia jioni akiwa amechoka tiki. Si ajabu kwamba mwenye kuuza mboga alikuwa akinunua mboga za kupikia watoto wake! Hapo ndipo wazo la kuboresha bustani lilipotoka. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi, na mvua hunyesha toka Machi hadi Septemba hivi. Managu na sukuma hazina ubishi na hali kama hiyo. Lililokosekana lilikuwa pesa na mpango.

Pesa nazo zilianza kupatikana kidogo kidogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mama ni mwanachama wa chama cha akina mama 20. Kila Jumapili kila mmoja hutoa shilingi 250, na mmoja wao hupokea zote 5,000. Mbali na hayo, tangu katikati ya mwaka wa 2024, alikuwa akiweka shilingi 100 kila siku kwenye akiba ya simu ambayo hufungwa mpaka tarehe uliyoichagua mwenyewe. Siku nyingine alikuwa akilala na njaa ya chai, lakini ile mia lazima iingie. Ilipofika mwisho wa Desemba, akiba ya simu ilikuwa 19,400, na zamu yake ya chama ilikuwa imeleta 5,000. Jumla ni shilingi 24,400. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuandika hesabu, na baba akanibandika jina la Waziri.

Sasa, usidhani 24,400 zote zilikuwa za bustani. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu ina matumizi ambayo majirani hawayaoni. Kuna mipira ya mkojo, kuna dawa za maambukizo, kuna mto maalum wa kukalia. Mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili anaweza kupata kidonda cha kukaa bila kujua, na kidonda hicho kikipuuzwa kinaweza kumlaza hospitalini miezi. Gurudumu nalo likipasuka halingojei mwisho wa mwezi. Kwa hivyo mama aliweka sheria ya kwanza: shilingi 6,000 ni za afya ya baba, na hazitaguswa hata mbingu zikishuka. Sheria ya pili: shilingi 5,000 ni za shule za muhula wa kwanza, yaani chakula cha mchana, sare na vitabu vyangu na vya mdogo wangu. Ukitoa hizo mbili, zinabaki 13,400. Hiyo ndiyo iliyokuwa bajeti yetu.

Jumapili moja baada ya Krismasi tukaita mkutano. Alikuja ami, ndugu mdogo wa baba, na alikuja nyanya kutoka kijijini. Nilikuwa nimekwisha kuandika mapendekezo mawili ukurasa wa kwanza.

Pendekezo la kwanza lilikuwa la ami. Tununue tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo bei yake tuliambiwa ni shilingi 9,000 hivi, tukinge maji ya paa. Zinazobaki zinunue mbolea, mbegu na magunia. Mama na sisi watoto tutalima.

Pendekezo la pili lilikuwa la baba. Kwanza ijengwe njia ya saruji kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye bustani, yenye kupita kiti chake. Mlango wa nyuma una kizingiti cha inchi 9, na chini yake ardhi ilikuwa mashimo na mizizi ya migomba. Wakati wa kiangazi kiti kilikwama kwenye mashimo, wakati wa mvua kikazama kwenye tope. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, jiji la tano la Kenya, na sisi wote tulishangilia, lakini tope la nyuma ya jikoni yetu halikusikia tangazo hilo. Gharama ya njia nilikuwa nimeipiga hivi: mifuko 6 ya saruji kwa shilingi 800, jumla 4,800. Kokoto na mchanga, 4,200. Vibarua wawili kwa siku mbili, kila mmoja 600 kwa siku, jumla 2,400. Zote pamoja 11,400. Fundi atakuwa baba mwenyewe, na malipo yake ni sufuri.

Ami akakuna kichwa. Akasema, "Kaka, mimi nakuheshimu sana, lakini tuseme ukweli. Saruji hailiwi. Utamwaga elfu kumi na moja chini, na watoto bado watanunua mboga. Tangi ni maji, na maji ni chakula."

Nyanya naye akaongeza kwa upole, "Mwanangu, wewe umeumia. Pumzika, waachie wenye miguu shamba."

Kusema kweli, maneno ya ami yalikuwa na uzito. Januari na Februari huwa kavu hapa kwetu. Mama pia alielekea upande wake, kwani yeye ndiye aliyekuwa akibeba mitungi. Alimwangalia baba akasema, "Baba watoto, sikukatai. Lakini na huu mgongo wangu je?"

Baba hakukasirika. Alimjibu nyanya kwanza. "Mama, mimi si mgonjwa. Mgonjwa hupumzika akapona akarudi kazini. Mimi nikingoja kupona ndio nifanye kazi, nitangoja mpaka lini?" Kisha akamgeukia mama. "Mgongo wako ndio ninaoufikiria. Ukinunua tangi, utakuwa na maji mengi na kazi ileile, tena imeongezeka. Ukinipa njia, bustani nzima ni yangu. Kupanda ni mimi, kupalilia ni mimi, kuchuma ni mimi. Nyinyi mtanisaidia maji tu."

Hapo nikaomba ruhusa nisome ukurasa wa pili. Ule mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa nimeandika kwa juma zima ni nani aliyefika bustanini na mara ngapi. Mama alifika mara 11. Mimi nilifika mara 9. Mdogo wangu alifika mara 4, na mbili kati ya hizo alikwenda kuokota mpira. Baba, 0. Mtu pekee ambaye alikuwa nyumbani kutwa nzima, mwenye mikono yenye nguvu kutushinda sote, ndiye ambaye hakuwa amefika hata mara moja. Si kwa uvivu, bali kwa inchi 9 na mashimo.

Kimya kilitanda. Ami alichukua daftari akalitazama lile sufuri. Mama naye akachukua kalamu, na kwa mwandiko wake mwenyewe akaandika mbele ya pendekezo la pili: SAWA. Kwa kuwa zile mia mia zilikuwa jasho lake, hakuna aliyepinga.

Kazi ilianza Januari 2025. Wahenga hawakukosea waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimwona baba akitoa pimamaji lake na mwiko wake kwenye sanduku lililokuwa chini ya kitanda tangu 2021. Akanieleza kwamba mteremko wa kiti cha magurudumu haujengwi kwa kubahatisha. Kwa kila inchi 1 ya kupanda, sharti uende mbele inchi 12, la sivyo mwenye kusukuma kwa mikono atashindwa kupanda, na akiteremka kiti kitamkimbia. Kizingiti chetu ni inchi 9. Tisa mara 12 ni 108, nayo inchi 108 ni futi 9. Siku chache baadaye nilipoingia Kidato cha Pili na kukutana na mada ya mteremko katika Hisabati, nilikuwa tayari nimeukanyaga kwa miguu!

Baada ya mteremko wa futi 9 zilifuata futi 24 za njia tambarare, upana futi 4. Mwishoni tukaipanua ikawa futi 5 kwa 5, kwa sababu kiti kinahitaji nafasi ya kugeuka, la sivyo mtu anarudi kinyumenyume kama matatu iliyopotea njia. Mawe ya kushindilia chini tuliokota vipande vilivyotupwa kwenye ujenzi wa jirani. Ami, yuleyule aliyesema saruji hailiwi, alikuja siku zote mbili akachanganya kokoto mpaka shati likalowa, na hakuitisha hata senti.

Zilibaki shilingi 2,000. Tulinunua magunia 6 kwa 300, samadi mikokoteni miwili kwa 800, na mbegu za 250. Jumla 1,350, zikabaki 650. Kwa wale wasiojua bustani ya gunia, nitaeleza kidogo. Unajaza gunia udongo uliochanganywa na samadi, lakini katikati unapanga nguzo ya mawe madogo toka chini hadi juu. Maji ukiyamwaga juu hupitia kwenye mawe na kusambaa kote bila kukimbia. Kisha unatoboa matundu ubavuni na kupanda miche, mingine unaipanda juu. Gunia moja hubeba miche mingi na halihitaji kuinama. Tuliyapanga kando ya njia, upande ambao mkono wa baba unafika akiwa ameketi.

Ami alikuwa na haki juu ya maji, nami lazima niiandike. Kiangazi kilitubana. Tulitumia maji yaliyooshea mboga, na juu yake tukanunua mitungi miwili ya lita 20 kila siku, shilingi 10 kila mmoja. Mpaka mvua iliponyesha tulikuwa tumetumia 1,100. Lakini magunia hayakufa, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuyatazama asubuhi, mchana na jioni.

Mwezi wa Aprili, akiba ilipoinuka tena, tuliingia awamu ya pili: masanduku mawili ya mbao ya kupandia mboga. Kila moja lina urefu wa futi 10, kimo cha futi 2 na upana wa futi 2 tu. Upana haukuzidishwa kwa sababu baba anafikia kutoka upande mmoja. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao yaligharimu 3,600, misumari na plastiki ya ndani 700, samadi 500. Jumla 4,800. Chini ya masanduku tulijaza matawi na mabua ya mahindi ili kupunguza udongo wa kununua. Kwa hivyo gharama yote, pamoja na maji, ilifika shilingi 18,650.

Faida je? Tuliacha kununua mboga za nyumbani, ambazo zilikuwa shilingi 50 kwa siku, yaani 350 kwa juma. Baba naye alianza kuwauzia majirani managu, saga na dania, na juma la kawaida alipata kama 450. Hizo ni 800 kwa juma, na kwa hesabu hiyo gharama ingerudi kwa majuma 23 hivi. Lakini shamba si hesabu za darasani. Julai mvua ya mawe ilipiga sanduku moja ikalifanya kachumbari. Kuna majuma tuliyopata 200 tu. Pesa ya mwisho ilirudi mwezi wa Novemba.

Kuna jambo jingine ambalo sitalificha, ingawa halipendezi. Mwezi wa Juni baba alipata kidonda kidogo cha kukaa. Alikuwa amenogewa na kazi, anashinda kwenye kiti masaa mengi bila kujiinua. Zile 6,000 zisizoguswa ziligusika kwa mara ya kwanza: 2,700 zilienda kwa matibabu na mto mpya. Mama aliogopa sana, akasema bustani ifungwe. Baba akakataa katakata. Mwishowe walikubaliana kwamba redio itakuwa bustanini, na kila ikija biashara, yaani matangazo ya sabuni na ya mbegu, baba anaushika mkono wa kiti huku na huku na kujiinua, kisha mchana analala kwa tumbo saa nzima. Majirani wakimwona akijiinua wakati wa tangazo la sabuni hudhani anaipenda sana hiyo sabuni. Kidonda kilipona, na kuanzia siku hiyo shilingi 100 katika kila 450 za baba hurudi kwenye ule mfuko wa afya.

Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mwaka wa 2025 nchi yetu pia ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ni mambo mema. Lakini hakuna askari atakayekuja kukagua mlango wa nyuma wa nyumba yenu. Nyumbani sheria ni daftari la matumizi, na mwenye kalamu ni nyinyi. Jirani mmoja alituuliza kwa nini baba hajiandikishi kwa mpango wa Inua Jamii, ambao humpa mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Baba alimweleza kwamba fungu hilo ni la wale wanaohitaji mtunzaji wakati wote. "Mimi," akasema, "sikuhitaji mtunzaji. Nilihitaji njia."

Neno langu basi ni hili. Mkikaa kupanga pesa za nyumbani, ziwe za shamba, za jiko au za choo, msianze kwa kuuliza tutanunua nini. Ulizeni kwanza ni nani asiyeweza kufika pale, na ni kitu gani kinachomzuia. Pengine ni nyanya asiyeona vizuri, pengine ni kaka mwenye gongo. Kiondoeni kizuizi hicho kabla ya kununua kitu kingine, hata kama watu watawaambia kwamba hakiliwi. Wekeni fungu la dharura kando, msilicheke. Na muandike, kwa sababu mambo mengine hayaonekani mpaka yaandikwe kwa tarakimu.

Ukurasa wa mwaka huu umekwisha kufunguliwa. Juu kabisa nimeandika: TANGI, 9,000. Mpaka leo tunazo 5,200, na elfu moja kati ya hizo ametoa ami.